Mwongozo wa Kuongeza Kinga Kitengela Bila Kugusa Sukuma Wiki

Kitabu cha shule kinasema Kenya ina masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Kitengela ina vumbi, tope na upepo. Vumbi hutawala Januari na Februari, likapumzika, kisha likarudi Septemba kumalizia viporo. Tope huja na mvua za Machi hadi Mei, wakati udongo mweusi unapokuvua kiatu na kubaki nacho. Upepo huingia Juni na kukaa hadi Agosti. Unatoka nyanda za Kapiti, hauzuiwi na kilima wala msitu, na mtu wa kwanza kukutana nao ni wewe, umesimama steji alfajiri ukisubiri matatu ya Nairobi.

Kila zamu ina mafua yake, na kila mafua yana washauri wake. Msimu ukigeuka tu, kundi la WhatsApp la ploti linajaa mapishi, kemisti inabandika karatasi mpya dirishani, na watu wanaulizana habari za kinga kabla ya kuulizana hali. Hapo ndipo mwongozo huu unapohitajika. Umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini au Bissil anayetaka mwili imara kwa masharti matatu: asibadilishe chakula, asilale mapema, na pesa zitumike kiasi cha kuonekana. Fuata hatua zote kwa mpangilio. Ukiruka moja, kuna hatari ya kupona kwa bei nafuu.

Mahitaji: simu yenye bando, sufuria kuukuu ambayo haitarudi kupika kitu kingine, tangawizi, ndimu, vitunguu saumu na asali, tembe za povu, chupa ya magome, jiko la makaa, majani ya chai ya kutosha. Sukuma wiki haihitajiki, lakini kwa wale ambao hawana budi, iko hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: Subiri chafya

Kosa la wanaoanza ni kujitayarisha mapema. Mwili hutengeneza chembe nyeupe za damu kila siku, ndani ya uboho wa mifupa, na kazi hiyo inadai protini, madini ya chuma, zinki, foleti na vitamini kadhaa. Kingamwili zenyewe ni protini. Malighafi hizo zote hutoka kwenye sahani ya wiki hii na ya mwezi uliopita. Ukianza kula maharagwe na mapera mwezi wa Aprili, utafika Julai huna habari, na utakuwa umeharibu zoezi zima.

Kwa hivyo ngoja. Mwezi wa Machi upite na ugali mkavu, Mei upite na mkate na chai. Siku ile ambayo abiria wa kiti cha nyuma atakohoa mara ya nne kisogoni mwako, nawe ukaanza kuwashwa puani ukifika Mlolongo, ndipo utangaze hali ya dharura.

Lawama zote ipe baridi. Usikubali kuambiwa kwamba mafua huletwa na virusi, wala kwamba virusi vya rhino peke yake vina aina zaidi ya 150, ndiyo maana mwili haumalizi kuvizoea. Usikubali pia kwamba baridi inachofanya zaidi ni kutukusanya ndani, madirisha yakafungwa, tukapumuliana. Kumlaumu abiria mwenzako ni kutafuta ugomvi. Julai haijawahi kumjibu mtu.

Hatua ya pili: Nenda kemisti

Ingia, na umwite daktari kijana aliye nyuma ya kaunta, awe daktari asiwe daktari.

"Daktari, sasa. Nataka ile dawa ya kuongeza kinga."

"Ile ya povu ama ya kumeza?"

"Ile iko na nguvu."

Iliyo na nguvu siku zote ndiyo ghali, na siku zote iko rafu ya juu, ili ionekane imefuatwa. Ukifika nyumbani, tia tembe moja kwenye glasi ya maji. Itazama, itagusa chini, itageuka ubavu, kisha itaanza kupanda huku ikizunguka na kunong'ona, ikirusha matone madogo yatakayokupata puani ukiinama kutazama. Maji yatageuka rangi ya machungwa ambayo hakuna chungwa la Makueni limewahi kuwa nayo. Usiharakishe kunywa. Hii ndiyo sehemu ya tiba yenye hakika: umeona kitu kikitendeka. Pera halijui kufanya hivyo.

Tembe hiyo kwa kawaida ina miligramu 1,000 za vitamini C. Mtu mzima anahitaji kati ya 45 na 90 kwa siku, kutegemea unafuata mwongozo wa nani. Pera moja la wastani lina zaidi ya 100, na chungwa moja lina karibu 70. Mwili ukipewa gramu nzima kwa mkupuo hufyonza karibu nusu tu, na ziada inayoingia kwenye damu hutolewa na figo. Ukipita miligramu 2,000 kwa siku, tumbo nalo huanza kuendesha. Lakini mkazi wa Kitengela hununua maji ya bauza kwa bei inayouma, na si vibaya choo chake nacho kikipata virutubisho.

Ukibishiwa, mtaje Linus Pauling, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1954 na ya Amani ya 1962, kisha mwaka 1970 akatoa kitabu kilichowaaminisha wengi kwamba vitamini C nyingi ndiyo kiboko cha mafua. Ishia hapo. Usifike kwenye mapitio ya Cochrane ya 2013, yaliyokusanya majaribio yenye washiriki zaidi ya 11,000 na kukuta kwamba watu wa kawaida wanaomeza vitamini C kila siku hupata mafua sawa na wenzao. Walichopata ni mafua mafupi kidogo, kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima. Kwa mafua ya siku saba, hiyo ni nusu siku. Tena hao ni waliokuwa wakimeza kabla ya kuugua. Anayeanza baada ya chafya, yaani wewe, hakuonekana kupata faida ya kutegemewa. Waliopunguza mafua kwa nusu ni wakimbiaji wa marathoni, wanajeshi na wachezaji wa kuteleza kwenye theluji, watu waliokuwa wakijitesa hasa. Kama unakimbia kutoka Kitengela hadi Namanga kwa miguu yako, aya hii haikuhusu.

Kabla hujatoka, ongeza vidonge vya antibiotiki, vile vya rangi mbili. Chukua vinne tu, kwa sababu pesa zote zimeishia kwenye povu. Antibiotiki haiui virusi vya mafua hata ukimeza debe, ila vidonge vinne vinatosha kuwafunza bakteria wako mazoezi. Siku utakapougua ugonjwa wa bakteria kwa kweli, watakuwa wameshajua njia.

Hatua ya tatu: Chemsha dawa

Kenya ni nchi ambayo unaweza kuingia hotelini ukiwa mzima na ukaagiza Dawa kwenye menyu. Ni maji moto, tangawizi, ndimu na asali. Ya nyumbani huongezwa vitunguu saumu, pilipili manga, na chochote ambacho shangazi alituma kwa simu. Korona ilipoingia mwaka 2020, ndimu na tangawizi zilipanda bei masokoni. Tanzania watu walijifukiza nyungu, na Mei mwaka huohuo serikali yao ikatuma ndege Madagascar kufuata dawa ya mitishamba. Katika Afrika Mashariki, ugonjwa mpya ukitokea, mtu wa kwanza kupata faida ni muuza tangawizi.

Ili dawa yako ikubalike, tia ndimu mapema na uchemshe kwa saa nzima. Vitamini C haipendi moto mrefu, kwa hivyo utakuwa umeiondoa yote kwa ustadi na kubaki na uchachu. Tangawizi iwe nyingi hadi machozi yatoke. Mtu akilia, wengine husema dawa imeshika.

Tatizo la hatua hii ni kwamba ina ukweli ndani yake, jambo linaloharibu kejeli. Kinywaji cha moto hutuliza koo na kulegeza makamasi. Asali hupunguza kikohozi cha usiku kwa watoto waliovuka mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo utumbo wake bado hauviwezi. Hilo lizingatie kama lilivyoandikwa. Mengine yote kuhusu sufuria hiyo ni maji, joto na mtu anayekujali akikuletea kikombe kitandani, na hakuna kemisti inayouza hicho cha tatu.

Hatua ya nne: Mfuate mzee wa magome

Utamwona kando ya barabara, shuka begani, mbele yake chupa na vifungu vya mizizi. Usimuulize maswali marefu.

"Mzee, hii ni ya nini?"

"Ya kifua. Na mgongo. Na damu."

"Na kinga?"

"Hata hiyo, kijana wangu."

Gome kali linalochoma ulimi ni la osokonoi, mti ambao Wamasai na jirani zao wameutafuna kwa kikohozi tangu zamani. Kuna na olkiloriti, jamii ya mgunga, ambao magome na mizizi yake huchemshwa kwenye supu ya nyama. Huu ni ujuzi wa kweli wa watu wa kweli. Ndiyo maana mwongozo huu unakuagiza ununue nusu yake tu. Kwenye olpul, kambi ya nyama ya Wamasai, vijana walikwenda porini, wakachinja, wakala nyama na mafuta, wakanywa supu yenye dawa hizo, wakapumzika siku nyingi mbali na kazi. Wewe acha nyama, acha mapumziko, acha wenzako. Chukua gome, litie kwenye chupa ya soda yenye maji ya bomba, unywe ukiwa kwenye foleni ya magari Athi River. Mti nao, ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote, hufa. Sifa za osokonoi zikiendelea kusambaa kwa kasi hii, tutabaki na sifa.

Wataalamu wa kigeni nao waliwahi kuja huku kutafuta siri ya mlo. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa John Boyd Orr, Mskoti ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na kupata Nobel ya Amani ya 1949, pamoja na John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba katika Kenya ya kikoloni. Walilinganisha Wamasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, walioishi zaidi kwa nafaka, viazi na kunde. Wanaume wa Kimasai walikuwa warefu na wazito zaidi. Wanaume wa Kikuyu walisumbuliwa zaidi na maradhi ya kifua na vidonda. Kabla Wamasai hawajashangilia, ripoti iliongeza kwamba wao walisumbuliwa na kufunga choo na maumivu ya viungo. Wanahistoria wameukosoa sana uchunguzi huo tangu hapo, kwa namna ulivyozipa jamii mbili sahani moja moja. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo dogo ambalo wanaume hawakulitangaza: kati ya wanawake wa pande hizo mbili tofauti ilikuwa ndogo zaidi, na wanawake wa Kikuyu ndio waliokuwa wakila mboga za majani.

Leo Mmasai, Mkikuyu, Mkamba, Mluo na Mkisii wamepanga ghorofa moja Kitengela, na wote wanakula chipsi. Umoja wa kitaifa umepatikana.

Ukiteremka Bissil na kwenda mbele, kubadilika kwa msimu ni jambo zito kuliko mafua. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, mifugo ikafa Kajiado kwa wingi, na mtoto aliyekuwa akinywa maziwa asubuhi akabaki na chai ya rangi na sukari. Hapo protini, vitamini A na zinki huondoka nyumbani siku moja na ng'ombe, na kikohozi ambacho mtoto wa jana angekishinda humlaza. Hilo nalo ni suala la kinga na misimu, lakini haliuzwi kwenye kopo, kwa hivyo halina tangazo.

Hatua ya tano: Iue sukuma wiki kitaalamu

Ikiwa wenyeji wako wameshikilia kwamba lazima mboga iliwe, yapo mambo ya kufanya. Nenda kwa mama mboga jioni.

"Kastoma wangu, nikukatie?"

"Nikatie, tena nyembamba."

Atakunja majani kuwa mkono mmoja mnene, ayakamate kwa ngumi, na kisu kitaanza kurudi na kwenda mbele ya kidole gumba chake bila yeye kukitazama, huku akiongea na mteja mwingine habari za maji. Nyuzi za kijani zitamiminika mfukoni. Mpaka hapo mboga bado ina vitamini C, foleti na vitamini A ya kutosha kulitia povu aibu, na imekugharimu sarafu.

Sasa kazi ianze. Ilaze hadi kesho yake. Ioshe ikiwa imeshakatwa, kwa maji matatu, ukiisugua, kwa sababu vitamini C na foleti huyeyuka katika maji na huu ndio mlango wao wa kutokea. Kisha ichemshe, ikamue kwa mikono miwili, umwage maji ya kijani kwenye sinki, na uikaange hadi iwe nyeusi. Mtu anayeosha majani mazima kwanza, akayakata baadaye, na kuyapitisha kwenye sufuria kwa dakika chache pamoja na nyanya za Loitokitok, amekosa subira.

Managu, terere na kunde ziepuke kabisa. Zina chuma na vitamini A kupita kiasi cha mwongozo huu, na watu watadhani umerudi kijijini. Omena, ambayo hubeba protini, zinki na chuma katika samaki anayeliwa na mifupa yake, isingizie harufu. Ndengu zisingizie gesi. Uji wa wimbi uliochachuliwa, ambao uchachu wake humsaidia mlaji kufyonza madini yaliyofungwa ndani ya nafaka, mwachie bibi. Na mfuko wa unga wa dukani usiusome. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki, na chumvi ilianza kutiwa ayodini kabla ya hapo. Ukijua kwamba serikali imeshakutilia virutubisho kwenye ugali bila kukuuliza, utajisikia vibaya ukikumbuka bei ya ile chupa ya rafu ya juu.

Hatua ya sita: Shushia kila kitu kwa chai

Umekula maharagwe? Chai. Umekula mboga? Chai. Umemeza kidonge cha chuma ulichopewa kliniki kwa sababu damu iko chini? Chai, ya majani mengi, iliyochemka hadi kijiko kisimame. Tanini za chai hukikamata chuma cha mboga na nafaka tumboni na kupunguza sana kiasi kinachofyonzwa. Vitamini C hufanya kinyume: kipande cha chungwa au kachumbari yenye ndimu pembeni ya maharagwe huongeza ufyonzaji huo. Hivyo basi chungwa liliwe saa nne peke yake kama starehe, na chai ije na chakula. Anayetaka kuharibu mpango mzima anasogeza chai saa moja au mbili baada ya kula. Ni mabadiliko yasiyogharimu chochote, na ndiyo maana hakuna anayeyaamini.

Hatua ya saba: Mnunulie mtoto sharubati

Mtoto apate sharubati yenye picha ya simba, kijiko asubuhi na jioni. Mei na Novemba zikifika, wahudumu wa afya wakapita kwa ajili ya Malezi Bora, funga geti na useme mtoto amelala. Wanatoa vitamini A bure kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mara mbili kwa mwaka, na dawa ya minyoo kwa waliovuka mwaka. Minyoo na mtoto wako hula sahani moja, na mwongozo huu hauna sababu ya kuwagombanisha.

Chanjo pia usizihesabu kama kinga, ingawa ndizo kinga zenyewe: hufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Ile ya nimokoka, inayozuia sehemu kubwa ya nimonia kali, imo katika ratiba ya watoto Kenya tangu 2011, nayo hailipiwi. Zinki nayo, ambayo watu wazima wanaimeza Julai kwa matumaini, ina kazi iliyothibitishwa ambayo haina tangazo: tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Ikizidishwa kwa muda mrefu bila sababu, zinki huupokonya mwili madini ya shaba, na upungufu wa shaba hudhoofisha kinga ileile uliyotaka kuiongeza.

Aya hii haina kejeli. Mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye kifua chake kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, anayekataa kunyonya au asiyeamka vizuri, haendi kwa kemisti wala kwa mzee wa magome. Anakwenda hospitali sasa hivi.

Hatua ya nane: Amka saa kumi

Kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi ni kilomita zipatazo 30, umbali ambao mtu mwenye akili hutoka kuukabili saa kumi na moja alfajiri. Tangu 2022 kuna barabara ya juu ya kulipia kuanzia Mlolongo, lakini nauli yako haijapanda huko. Basi amka saa kumi, rudi saa tatu usiku, tazama mpira hadi saa sita.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwatia watu 164 virusi vya mafua puani kwa hiari yao, na kuwafungia hotelini wakisubiri nani ataugua. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita kwa usiku waliugua kwa uwezekano wa zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Hakuna tembe ya povu iliyowahi kukaribia tofauti hiyo. Lakini usingizi hauna rafu kwenye kemisti, na mwenye nyumba hatambui usingizi kama kodi.

Kwa kuwa unatoka kabla ya jua na kurudi baada ya jua, na mchana kutwa uko chini ya taa za kiwanda au za ofisi, utahitaji pia vitamini D ya kununua. Mji wako uko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta, jua linachoma bati hadi linalia. Kulinunua kwenye kichupa ni mafanikio ya kibiashara yasiyo na mfano.

Hatua ya tisa: Funga madirisha, washa jiko

Upepo wa Julai ukipiga, ziba kila upenyo kwa vitambaa na uingize jiko la makaa sebuleni. Moshi wake huumiza mapafu na kumfungulia nimonia mlango, hasa kwa watoto. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu waliolala. Hatua hii ndiyo pekee katika mwongozo inayomaliza mafua moja kwa moja pamoja na mwenye mafua, kwa hivyo iruke. Vaa sweta mbili, acha dirisha wazi upana wa kiganja, na jiko libaki nje.

Hatua ya mwisho: Toa ushuhuda

Mafua mengi huisha yenyewe kati ya siku 7 na 10. Fahamu hilo kwa siri, kwa sababu linatoa nafasi nzuri: chochote utakachomeza siku ya sita kitapata sifa zote siku ya nane. Wakati wa kubadilisha dawa, basi, ni siku ya sita.

Nguvu ya ushuhuda inajulikana kote hapa mpakani. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na Wakenya walivuka mpaka kwa mabasi wakiwa na wagonjwa wao. Hawakusukumwa na utafiti. Walisukumwa na jirani aliyesema amepona.

Kwa hivyo sema. Taja dawa ya mwisho uliyotumia, taja bei, ongeza kidogo kwenye bei. Tuma sauti kwenye kundi la ploti. Ila yule mama wa nyumba namba tano, ambaye hununua omena na mapera kila Jumamosi, ambaye watoto wake walimaliza chanjo, na ambaye taa yake huzimwa saa tatu, msimuulize mwaka huu alitumia nini. Atawajibu, "Mimi? Hakuna kitu nilifanya," na hapo biashara ya msimu mzima itakuwa imeharibika.